Mpira wa Ufaransa na Haki ya Mlezi wa Musoma

Mwezi wa Agosti mwaka 2025 Mbwana Samatta, nahodha wa miaka mingi wa timu yetu ya taifa, alitia sahihi mkataba na klabu ya Le Havre ya Ufaransa. Kwa sahihi hiyo mtoto wa Mbagala aliingia katika daraja la kwanza la kandanda ya Wafaransa, baada ya kupita African Lyon na Simba za Dar es Salaam, TP Mazembe ya Lubumbashi, Genk ya Ubelgiji, Aston Villa ya Uingereza, Fenerbahçe ya Uturuki na PAOK ya Ugiriki. Ni safari ndefu, na kila Mtanzania ana haki ya kuionea fahari.

Walakini wananchi wa mkoa wa Mara wana sababu ya kulitazama jambo hili mara ya pili. Katika viwanja vya Musoma, Bunda na Butiama wamo vijana wenye miguu myepesi wanaoitamani njia hiyo hiyo. Wamo pia wazee, walimu na makocha wasiolipwa, wanaowakusanya watoto kila jioni na kuwanunulia mpira kwa fedha za mifukoni mwao. Swali letu leo lawahusu hao walezi. Kijana wa Mara atakapofika Ufaransa, mlezi wake wa Musoma atapata nini? Jibu limo katika kanuni zilizokwisha kuandikwa, nalo laweza kuwa fedha nyingi au laweza kuwa sifuri. Kinachotenga fedha na sifuri ni kumbukumbu ya maandishi.

UFARANSA NA WAGENI WAKE

Ufaransa haikuanza jana kuwatumia wageni katika kandanda. Mwaka 1938 Larbi Ben Barek alivuka bahari kutoka Moroko akaichezea Marseille, naye akawa miongoni mwa wachezaji waliotukuzwa kabisa katika zama zake. Baada yake walifuata wengi kutoka makoloni. Wafaransa waliwashangilia siku za Jumapili, na siku za Jumatatu wakaendelea kuwatawala ndugu zao.

Hitilafu hiyo ilidhihirika mwezi wa Aprili mwaka 1958. Wachezaji wa Aljeria waliokuwa wakilipwa vizuri katika klabu za Ufaransa waliondoka kwa siri wakakutana Tunis, wakaunda timu ya chama cha ukombozi cha FLN. Miongoni mwao alikuwamo Rachid Mekhloufi wa Saint-Étienne na Mustapha Zitouni wa Monaco, watu waliotazamiwa kuivalia Ufaransa jezi katika Kombe la Dunia la mwaka huo huko Sweden. Waliacha mishahara, nyumba na sifa ili waichezee nchi ambayo ilikuwa haijapata bendera. Aljeria ilipopata uhuru mwaka 1962, Mekhloufi alirudi Saint-Étienne akapokewa tena.

Mwaka 1967 Salif Keita aliondoka Mali akaenda klabu hiyo hiyo ya Saint-Étienne. Katika msimu wa 1970/71 alifunga mabao 42 ya ligi, na mwaka 1970 akawa mtu wa kwanza kupewa Mpira wa Dhahabu wa Afrika. Mwaka 1988 George Weah wa Liberia alifika Monaco, kisha akahamia Paris. Mwaka 1995 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya, na mwaka 2018 akashika urais wa nchi yake.

Lipo jambo moja katika historia hii ambalo wafanyakazi hawana budi kulijua. Hadi miaka ya 1960 mchezaji wa Ufaransa alifungwa na klabu yake mpaka afikishe umri wa miaka 35. Klabu iliweza kumwuza au kumzuia, naye hakuwa na kauli. Mwezi wa Novemba mwaka 1961 kiliundwa chama cha wachezaji, UNFP. Mmoja wa waasisi wake alikuwa Eugène Njo Léa, mtu wa Kameruni aliyechezea Saint-Étienne na aliyesomea sheria. Pamoja naye alikuwa Just Fontaine, mzaliwa wa Marrakech, yule aliyefunga mabao 13 katika Kombe la Dunia la 1958. Mwaka 1963 Raymond Kopa alithubutu kusema hadharani kwamba wachezaji walikuwa watumwa, akaadhibiwa kwa kauli yake. Hata hivyo mwaka 1969 mikataba ya muda maalumu ilikubaliwa. Basi mgeni kutoka Afrika alikuwa miongoni mwa waliowapa wenyeji wa Ufaransa uhuru wa kazi yao. Hakuupata kwa mabao. Aliupata kwa kusoma mkataba na kuwaunganisha wenziwe.

KWA NINI MLANGO UKO WAZI

Wapo wanaodhani Mfaransa anamchukua mchezaji wa Afrika kwa mapenzi tu. Yatupasa kutazama sheria na hesabu.

Kwa upande wa sheria, kanuni za ligi ya Ufaransa huiruhusu klabu kuwa na wachezaji wanne tu wasio raia wa Umoja wa Ulaya. Lakini mwezi wa Desemba mwaka 2002 mahakama ya juu ya mambo ya utawala ya nchi hiyo iliamua shauri la Lilia Malaja, mchezaji wa mpira wa kikapu kutoka Poland, nchi ambayo wakati huo ilikuwa bado haijaingia katika Umoja wa Ulaya. Iliamuliwa kwamba mfanyakazi halali anayetoka katika nchi yenye mkataba wa ushirikiano na Umoja huo asibaguliwe kazini kwa sababu ya uraia wake. Tanzania ilikuwamo katika Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000, uliozifunga pamoja nchi za Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki. Kutokana na njia hiyo, mchezaji wa nchi hizo hakuhesabiwa tena katika wale wanne. Uingereza humpima mgeni kwa alama za mechi za taifa lake na ukubwa wa klabu atokako. Mlango wa Ufaransa ni mpana zaidi kwa kijana ambaye jina lake halijavuma.

Kwa upande wa hesabu, klabu nyingi za Ufaransa hazina mifuko ya Waingereza. Mwaka 2018 ligi yao iliuza haki za kutangaza michezo kwa kampuni ya Mediapro, kwa ahadi ya zaidi ya euro milioni 800 kwa mwaka kuanzia 2020. Ilipofika Oktoba 2020 kampuni hiyo iliacha kulipa, na kabla ya mwaka kwisha mkataba ukavunjwa. Mkataba na kampuni ya DAZN ulioanza mwaka 2024 nao ulidumu msimu mmoja tu, na mwaka 2025 ligi ikalazimika kufungua chaneli yake yenyewe. Klabu isiyokuwa na hakika ya fedha za televisheni hutafuta mapato kwa kulea vijana na kuwauza. Humnunua kijana kwa bei ndogo, humfundisha, na baada ya miaka miwili au mitatu humpeleka Uingereza, Italia au Hispania kwa bei kubwa.

Le Havre yenyewe ni mfano mwema. Ni mji wa bandari. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 bandari hiyo ilikuwa lango kubwa la pamba na kahawa kuingia Ulaya. Klabu yake, inayohesabu kuzaliwa kwake kuwa mwaka 1872, ndiyo kongwe katika kandanda ya Ufaransa, na sifa yake kubwa ni malezi ya vijana. Paul Pogba na Lassana Diarra walipita katika malezi yake, na Riyad Mahrez alikomaa huko kabla ya kwenda Uingereza.

Mwaka 2009 Pogba, akiwa kijana wa miaka 16, alichukuliwa na Manchester United. Le Havre ililalamika mbele ya ulimwengu kwamba tajiri amemnyakua mtoto iliyemlea. Mzozo uliendelea mpaka mwaka 2010 klabu hizo mbili zilipopatana. Hapa pana fundisho. Mfaransa anayechota vijana wa wengine ndiye huyo huyo aliyepaza sauti alipochotewa wake. Uchungu wa mlezi ni mmoja, uwe Le Havre au uwe Bunda. Tofauti ni kwamba Le Havre ilikuwa na daftari, ilikuwa na mwanasheria, na ilijua mahali pa kupeleka shauri lake.

NJIA YA AFRIKA MASHARIKI

Sisi wa Afrika Mashariki tumechelewa katika njia ya Ufaransa, na sababu zake zaeleweka. Wachezaji wa Senegali, Mali, Kameruni na Ivory Coast walifuata lugha ya Kifaransa na njia zilizochimbwa na ukoloni. Waliotangulia waliwapokea waliofuata. Baadaye vikajengwa vituo vya malezi. Generation Foot ya Dakar, iliyoanzishwa mwaka 2000, iliingia mapatano na klabu ya Metz, na kwa njia hiyo walipita Papiss Cissé, Sadio Mané na Ismaïla Sarr.

Lakini hata upande wetu wako waliopita. Mkubwa wao ni Shabani Nonda. Alizaliwa Bujumbura mwaka 1977, na katikati ya miaka ya 1990, akiwa bado kijana mbichi, aliichezea Yanga ya Dar es Salaam. Alitoka hapa akaenda Afrika Kusini, kisha Zürich ya Uswisi, kisha Rennes, na mwaka 2000 akahamia Monaco. Katika msimu wa 2002/03 alifunga mabao 26, akawa mfungaji bora wa daraja la kwanza la Ufaransa. Mwaka 2004 alikuwa katika kikosi cha Monaco kilichofika fainali ya klabu bingwa za Ulaya. Wazee waliomwona Nonda akiwa na jezi ya kijani na njano wanakumbuka jambo hili kama kisa cha kuburudisha baraza. Tuliangalie kama hesabu. Wakati alipouzwa kutoka Zürich kwenda Rennes, na kutoka Rennes kwenda Monaco, kanuni ya kumgawia mlezi fungu lake ilikuwa haijawekwa. Mahali alipolelewa palibaki na sifa, na sifa hainunui nyavu za goli.

Kenya ilimtoa Dennis Oliech, aliyechezea Nantes, Auxerre na Ajaccio, na mwaka 2023 beki Joseph Okumu alisajiliwa na Reims. Saido Ntibazonkiza wa Burundi, tuliyemwona baadaye katika klabu zetu, alipata kuvaa jezi ya Caen. Kisha akaja Samatta. Ni wachache, lakini wanatosha kuthibitisha kwamba njia ipo.

FUNGU LA MLEZI

Mwaka 2001 FIFA iliweka kanuni mpya za uhamisho wa wachezaji. Ndani yake zimo haki mbili za mlezi, na ni vizuri kila kiongozi wa timu ya mtaani azijue kama mkulima ajuavyo kipimo cha mizani.

Haki ya kwanza ni fidia ya malezi. Hulipwa mchezaji anapotia sahihi mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, na anapohama tena kabla ya kwisha kwa mwaka anaotimiza miaka 23.

Haki ya pili ni fungu la mshikamano, nalo ndilo refu zaidi kwa maisha. Kila mara mchezaji anapouzwa kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei hutengwa kwa ajili ya klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 mpaka 15, klabu iliyokuwa naye hupata asilimia 0.25 ya bei. Kwa kila msimu wa umri wa miaka 16 mpaka 23, hupata asilimia 0.5.

Tufanye hesabu ya mfano. Mtoto amecheza katika timu iliyosajiliwa ya Bunda tangu miaka 12 mpaka 15, yaani misimu minne. Akahamia timu ya Musoma akakaa misimu mitatu, tangu miaka 16 mpaka 18. Kisha akaenda Dar es Salaam, na baadaye Ufaransa. Siku moja klabu ya Ufaransa yamwuza Uingereza kwa euro milioni 10. Fungu zima la mshikamano ni euro 500,000. Timu ya Bunda yastahili euro 25,000 kwa kila msimu, jumla euro 100,000. Timu ya Musoma yastahili euro 50,000 kwa kila msimu, jumla euro 150,000. Akiuzwa tena kwa bei hiyo hiyo, malipo hayo hurudiwa. Na tangu Julai 2020 fungu hilo hutolewa hata klabu moja ya Ufaransa inapomwuza kwa klabu nyingine ya Ufaransa, maadamu mlezi wake yuko katika nchi nyingine.

Zamani klabu ya mlezi ilipaswa kusikia habari, kuandika madai na kungoja. Nyingi hazikusikia. Tangu Novemba 2022 FIFA imeweka ofisi ya kukusanya na kugawa fedha hizo, na ofisi hiyo iko Paris. Kila uhamisho unapofanyika, hutengenezwa pasipoti ya mchezaji kutokana na sajili za vyama vya nchi alizopita. Klabu iliyoandikwa hutambuliwa, na isiyoandikwa haionekani. Hata iliyotambuliwa sharti ipite ukaguzi ionyeshe kwamba ni klabu ya kweli, yenye wenyewe wanaojulikana na akaunti ya benki iliyo safi.

Tuweke jambo moja wazi ili watu wasije wakadanganyana. Mchezaji aliyemaliza mkataba akahama bure hana bei ya uhamisho, na asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Kwa hiyo si kila safari ya Ulaya huleta fungu. Lakini fungu likiwapo, lapaswa kumkuta mlezi amekwisha kuandikwa.

HALI YA MARA

Hapa ndipo tatizo letu lilipo. Katika Mara, kama katika mikoa mingi, mtoto wa miaka 12 mpaka 15 hucheza shuleni au mtaani. Huonekana katika michezo ya UMITASHUMTA akiwa shule ya msingi na ya UMISSETA akiwa sekondari. Likizo huchezea timu ya kijiji au mashindano ya ndondo, leo jezi hii na kesho jezi ile. Mara nyingi jina lake halimo katika sajili yoyote ya klabu. Huandikwa kwa mara ya kwanza anapofika klabu kubwa ya mji mkubwa, naye tayari ana miaka 17 au 18. Mbele ya ofisi ya Paris kijana huyo ni kama mtu aliyezaliwa siku ile. Miaka sita ya jasho la Musoma haikuwapo.

Mkulima wa Bunda anayaelewa maneno haya bila kuelezwa sana. Pamba yake ilivuka bahari ikiwa robota, na nguo ikarudi kwa bei ya nguo. Kiwanda cha MUTEX kilijengwa Musoma kwa ajili hiyo hiyo, ili pamba ifumwe papo hapo. Mvuvi wa ziwa naye ameona minofu ya sangara ikipelekwa Ulaya kwa ndege. Katika mazao hayo angalau mzani upo, na mtu aliyeleta kilo zake huandikiwa stakabadhi. Kwa mtoto wa mpira hata stakabadhi hatujaiandika.

Mkoa umekwisha kuonja uchungu wa kushindwa nje ya uwanja. Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu ikaanza na msimu wa 2018/19, na mwaka 2021 ikamaliza katika nafasi ya nne, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Ilianza kwa kuitoa Dikhil ya Djibouti. Mwezi wa Oktoba mwaka huo ikaikabili Al Ahli Tripoli ya Libya, ikashinda mabao 2 kwa 0 hapa nyumbani. Mchezo wa marudiano haukuchezwa, kwa kuwa timu ilikwama kwa matatizo ya safari na vibali, ikatolewa mashindanoni. Msimu uliofuata wa ligi ulipokwisha ikashuka daraja. Hatusemi haya ili kuwalaumu wachezaji, kwa maana kazi yao waliitimiza. Twasema ili ieleweke kwamba kandanda ya siku hizi huamuliwa pia mezani, na asiyejua kazi ya meza hunyang'anywa alichokishinda uwanjani.

Wala jambo hili si la wavulana peke yao. Bunda Queens imelifikisha jina la Bunda katika Ligi Kuu ya wanawake. Ufaransa nayo ina ligi ya wanawake yenye sifa kubwa, na klabu ya Lyon imetwaa ubingwa wa Ulaya mara nyingi. Binti wa miaka 12 astahili kuandikwa katika daftari kwa wino ule ule.

HADHARI KWA WAZAZI

Penye ndoto za watu hapakosi wadanganyifu. Mwaka 2000 Jean-Claude Mbvoumin, mchezaji wa zamani kutoka Kameruni, alianzisha Paris chama cha Foot Solidaire. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia vijana wa Kiafrika waliopelekwa Ufaransa na watu waliojiita mawakala, wakajaribiwa, wakakataliwa, kisha wakaachwa barabarani bila karatasi wala nauli. Familia zao zilikuwa zimekwisha kuuza mashamba na mifugo.

Mzazi wa Butiama ajue mambo mawili. La kwanza, kanuni za FIFA zakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi kuhamia nchi nyingine kwa mambo yasiyohusu mpira. Mtu akija na ahadi ya kumpeleka mtoto wa miaka 15 katika klabu ya Ufaransa, ahadi yake inapingana na kanuni tangu mwanzo. La pili, tangu mwaka 2023 wakala sharti awe amefaulu mtihani wa FIFA na kupewa leseni. Aombwe leseni hiyo kabla hajapewa chai. Na ng'ombe wa familia abaki zizini, kwa sababu klabu inayomtaka mchezaji kwa kweli haimtozi mzazi wake nauli.

HAKI HUANZIA NYUMBANI

Si haki kumnyoshea Mfaransa kidole huku sisi wenyewe tukitenda yale yale. Ligi yetu nayo imekuwa ligi ya wageni. Kanuni zimeruhusu klabu moja kusajili wageni mpaka 12, na katika msimu wa 2023/24 mfungaji bora alikuwa Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso, aliyefunga mabao 21 akiwa na Yanga. Wageni hao wameinua mchezo wetu, na wanastahili heshima na mishahara kwa wakati. Lakini nao wana walezi wao, Ouagadougou, Abidjan, Lusaka na Kampala. Tunapodai euro kutoka Paris, sharti tuwe tayari kulipa shilingi kwa mlezi wa mgeni wetu.

Zaidi ya hapo, yuko mlezi wa ndani. Klabu kubwa ya Dar es Salaam au Mwanza inapomchukua kijana kutoka Musoma, mara nyingi mlezi huambulia picha ya ukumbusho. Uhamisho wa ndani wa vijana wetu hutawaliwa na kanuni zetu wenyewe, na kanuni zetu twaweza kuzirekebisha bila ya kumwomba mgeni ruhusa. Mkubwa wa nyumbani akizoea kumnyima mdogo wake, hatakuwa na uso wa kumdai mkubwa wa ng'ambo.

LIPASALO KUTENDWA

Mambo ya kufanya si makubwa, wala hayangoji bajeti ya Serikali. Kila timu yenye watoto ijiandikishe katika chama cha mpira cha wilaya yake, iwe na katiba na akaunti ya benki. Kila mtoto aliyefika miaka 12 aandikwe kwa jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo katika cheti, bila kupunguza wala kuongeza umri, kwa kuwa umri wa uongo huharibu hesabu yote. Kila anapohama, tarehe iandikwe. Vyama vya wilaya vya Musoma, Bunda na Butiama vifikishe sajili hizo mpaka katika shirikisho la taifa, na vidai uthibitisho kwamba zimeingizwa. Shule ziungane na klabu iliyosajiliwa ya mahali pale, ili mwanafunzi anayecheza shuleni asipotee katika hesabu. Na walimu wa sheria na wahasibu walio mkoani watoe Jumamosi moja kwa mwezi kuwasaidia makocha wasiojua lugha ya kanuni hizi. Njo Léa aliwatendea Wafaransa kazi kubwa kuliko hiyo.

Wapo watakaosema kwamba kutaka fungu ni kumfanya mtoto kuwa bidhaa. Twawajibu kwamba fungu la mshikamano halikatwi katika mshahara wa mchezaji. Hukatwa katika bei ambayo matajiri wawili wanalipana. Mlezi asipolichukua, mchezaji haongezewi senti.

Butiama ndiko alikozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Katika hotuba yake ya mwaka 1964 ya kuwasilisha Bungeni mpango wa maendeleo wa miaka mitano, alimfananisha aliyepewa elimu na mtu wa kijiji chenye njaa, aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenziwe chakula. Mtu huyo asiporudi na kitu, alisema, amewasaliti waliobaki. Kijana anayekwenda Ufaransa naye amekula chakula cha kijiji, kwa maana amekula muda wa kocha, viatu vya kuchangiwa na uwanja uliofyekwa na wengine. Lakini kwake yeye kanuni imekwisha kuagiza sehemu ya mzigo irudi nyumbani, hata kama amesahau njia. Mzigo huo huletwa mpaka mlangoni pa aliyeandikwa. Tusipomwandika mtoto leo akiwa na miaka 12, kesho hatutakuwa na haki ya kusema kwamba ametusaliti. Tutakuwa tumeusaliti mzigo wetu wenyewe.